Siku 13 za kusoma vibao vya makumbusho: kutoka Tanga hadi kaburi la Maharaja

Nimerudi Tanga wiki tatu sasa. Haya nimeyaunganisha kutoka kwenye daftari dogo la jalada la bluu na picha zilizojaa kwenye simu, kwa hiyo siku nyingine zitakuwa ndefu na nyingine nitazipita tu.

Kabla ya safari

Chanzo ni ofisi ya walimu. Ilikuwa Mei 2023, Jumatatu baada ya Mfalme Charles kutawazwa, na gumzo lote lilikuwa la mataji. Mwenzangu wa somo la historia akatuonyesha picha: Camilla amevaa taji la Malkia Mary, na Koh-i-Noor, ile almasi kubwa iliyotoka India, haimo. Wameiacha kabatini, akasema, kwa kuogopa maneno ya Wahindi. Nikamuuliza, kwani Waingereza walipewa na nani? "Na mtoto wa miaka kumi," akanijibu, akachukua chaki zake akaenda darasani.

Jibu lile lilinikaa rohoni. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, na muhula ule tulikuwa kwenye kauli za vitenzi: kutenda, kutendwa, kutendewa, kutendeka. Mtoto wa miaka kumi anampaje malkia wa nchi ya mbali almasi kubwa kuliko zote za baba yake? Dada yangu anaishi Barking, mashariki mwa London, na alikuwa akiniita miaka yote. Nikaamua likizo yangu iende huko.

Kwa atakayefuata: mwezi ule viza ya matembezi ilikuwa paundi 100, na paundi moja ilikuwa kama shilingi 3,100. Omba mapema, na taarifa za benki ziwe za miezi sita. Ndege ya kupitia Addis Ababa ilinigharimu shilingi milioni 2 na laki 6.

Siku ya 1 na ya 2, Agosti 14 na 15: Tanga – Dar – Addis – London

Basi la alfajiri, joto la Dar, ndege, usingizi wa kuokoteza. Dada alinipokea Heathrow na koti mkononi, na Agosti ile nikalihitaji. Siku ya pili nililala hadi adhuhuri, nikala wali wa nazi na samaki, nikaanza kuzoea treni ya chini kwa chini.

Nauli unalipa kwa kugusisha kadi getini unapoingia na unapotoka, na mashine yenyewe inaacha kukata ukifikia kikomo cha siku. Ila watu wawili hawawezi kutumia kadi moja kwa safari moja. Tulijaribu, geti likagoma.

Siku ya 3, Jumatano Agosti 16: Mnara wa London

Kutoka Barking unapanda treni ya laini ya District bila kubadilisha, unashuka Tower Hill, na ngome iko mbele yako. Tiketi ilikuwa zaidi ya paundi 30, yaani karibu shilingi laki moja. Nilihesabu mara mbili ndipo nikalipa. Fika mlango unapofunguliwa uende moja kwa moja kwenye nyumba ya vito, mengine utayaona baadaye. Mimi nilifika saa tano asubuhi, nikasimama foleni dakika 50 katika manyunyu. Mama mmoja wa Kifilipino nyuma yangu alinifunika na mwavuli wake muda wote bila kuniuliza.

Ndani picha haziruhusiwi, hivyo hapa nategemea daftari. Mataji yamewekwa mstari mmoja gizani, kila moja kwenye kioo chake, na wewe unasimama juu ya mkanda unaokusogeza taratibu kama mzigo uwanja wa ndege. Huwezi kusimama. Nilizunguka mara nne. Koh-i-Noor imewekwa mbele, kwenye msalaba wa taji la Malkia Elizabeth, mama yake marehemu Malkia Elizabeth wa Pili, lililotengenezwa mwaka 1937. Haina rangi. Ukiwa kulia inatoa cheche ya buluu, ukiwa kushoto ni kama tone la maji. Ina karati 105.6. Ilipofika London ilikuwa na 186 kwa kipimo cha zamani, lakini watu walioiona kwenye maonyesho makubwa ya Hyde Park mwaka 1851 walinung'unika kwamba haing'ai. Mwaka uliofuata Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akaagiza ikatwe upya, na zaidi ya theluthi moja ya jiwe ikaondoka. Hata wakiirudisha leo, watarudisha kilichobaki.

Maonyesho haya yalifunguliwa upya Mei 2023, na sasa kuna sehemu inayoeleza njia ya jiwe na kulitaja waziwazi kuwa alama ya ushindi wa vita. Hilo ni jambo, na nimelipongeza daftarini. Njia yenyewe ina damu kila kituo. Nadir Shah wa Uajemi aliibeba kutoka Delhi mwaka 1739. Ikaangukia kwa Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan. Mjukuu wake, Shah Shuja, akaitoa kwa Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga wa Punjab, mwaka 1813, na hakuitoa kwa kupenda. Ranjit Singh akafa 1839. Miaka kumi baadaye Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza yenye jeshi lake, ikaimeza Punjab, na mfalme aliyekuwa kitini alikuwa mwanawe Duleep Singh, mtoto wa miaka kumi, ambaye mama yake, Jind Kaur, alikuwa ameshatenganishwa naye. Ndiye aliyewekewa mbele Mkataba wa Lahore, mji wake mkuu, mwezi Machi 1849.

Kifungu cha tatu cha mkataba huo nilikuwa nimekinakili nyumbani, nikakitafsiri nikiwa nimekaa kwenye benchi nje, kunguru wa Mnara wakirandaranda majanini: "Jiwe liitwalo Koh-i-Noor, lililochukuliwa na Maharaja Ranjit Singh kutoka kwa Shah Shuja-ul-Mulk, litakabidhiwa na Maharaja wa Lahore kwa Malkia wa Uingereza."

Tazama vitenzi. Ranjit Singh *alichukua*, na jina lake limetajwa. Mtoto *anakabidhi*, naye ametajwa. Malkia anapokea tu. Katika sentensi nzima hakuna Mwingereza hata mmoja anayetenda kitu. Jeshi halimo, gavana hayumo, vita viwili havimo. Mwanafunzi wangu akiniletea sentensi hii nitamuuliza mtendaji wa kweli yuko wapi. Kuanzia hapo safari yangu ikawa kusoma vibao vya maelezo kuliko kutazama vitu.

Usiku habari zikatangaza kwamba Makumbusho ya Uingereza yamemfukuza mfanyakazi kwa sababu vito na vitu vidogo vya ghalani vimepotea, vingine kuibwa. Dada aliacha kukoroga chai. "Si ndio hao wanaosema kwetu haviko salama?"

Siku ya 4, Alhamisi Agosti 17: Makumbusho ya Victoria and Albert

Kuingia ni bure. Shuka South Kensington, kuna njia ya chini kwa chini hadi mlangoni, mvua haikupati. Chakula cha ndani ni ghali, mimi nilibeba chapati mbili na mayai, nikala kwenye ua wa ndani ambako watoto wanaogelea kwenye bwawa lisilofika magoti.

Chumba cha Asia Kusini, namba 41, nilikaa saa tatu. Simbamarara wa Tipu alikuwa ndani ya kioo: mnyama wa mbao wa karibu ukubwa wa kweli, milia imepakwa rangi, amemlalia Mzungu mwenye koti jekundu la maua na kofia nyeusi, meno yako shingoni. Alitengenezewa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India, mwishoni mwa karne ya 18. Ubavuni mwa mnyama kuna kinanda chenye mabomba, na zamani ukizungusha mkono wa chuma mnyama ananguruma na mtu anaomboleza. Nilichuchumaa nikautazama ule mkono wa kushoto wa mtu. Umekunjwa kiwikoni, kiganja kiko karibu na mdomo, na ndio uliokuwa ukipanda na kushuka, ukiziba na kufungua sauti ya kilio. Rangi imebanduka kwenye vidole.

Tipu aliuawa Mei 4, 1799 mji wake wa Srirangapatna ulipovamiwa. Askari walipora usiku kucha, na kilichobaki kikagawanywa rasmi na kamati ya ngawira, kila mtu kwa cheo chake. Kiti chake cha enzi kilikatwakatwa ili kigawike. Neno la Kiingereza la uporaji, *loot*, limetoka India. Walibeba mali wakabeba na neno lake. Simbamarara akapelekwa makao makuu ya Kampuni jijini London, watu wakawa wanakuja kumzungusha na kucheka.

Hatua chache kutoka hapo ndipo kilipokuwa kiti cha dhahabu cha Ranjit Singh, kazi ya fundi Hafiz Muhammad Multani. Ni cha mbao kilichovikwa mabamba ya dhahabu yaliyogongwa maua, na chini kimeumbwa kama petali za yungiyungi, safu juu ya safu. Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nacho kilichukuliwa wakati uleule Punjab ilipotwaliwa. Mlinzi mmoja, kijana wa Kinaijeria, aliniona nanakili kibao neno kwa neno, akaniletea kiti cha kukunja. Akaniambia Jumapili huja wazee wa vilemba wakasimama mbele ya kiti kile kimya, wengine huinamisha kichwa.

Kabla ya kutoka nikatafuta taji la dhahabu la Ethiopia, lililochukuliwa na jeshi la Waingereza kwenye ngome ya Maqdala mwaka 1868. Mwaka 2018 makumbusho haya yalijitolea kuikopesha Ethiopia vitu vya Maqdala kwa muda mrefu. Kukopeshwa chako! Hoja yao ni kwamba sheria ya mwaka 1983 haiwaruhusu kutoa vitu vya taifa, kama sheria ya 1963 inavyowafunga wenzao wa Makumbusho ya Uingereza. Lakini sheria hutungwa na bunge, na bunge lilelile linaweza kuibadili.

Siku ya 5 hadi ya 8

Mvua, kufua, kanisani, na soko la Barking ambako nilikuta muhogo na bamia. Jumamosi nilikwenda Makumbusho ya Uingereza. Ni bure pia, ila ukaguzi wa mabegi ulichukua dakika 40, na baada ya habari za wizi kila mtu kwenye foleni alikuwa akinong'ona jambo hilohilo.

Nilichofuata ni sanamu za Amaravati, chumba 33a: mawe ya chokaa ya kijivu kutoka kwenye stupa, yaani kuba la ibada la Kibudha, huko Andhra Pradesh, India, zaidi ya vipande 120, yaliyofika London 1859. Walter Elliot, ofisa wa Kampuni, ndiye aliyeyachimba mwaka 1845. Nataka niwe mkweli hapa: kabla yake wenyeji walikuwa wakiyachukua mawe hayo kwa ujenzi, na mengine yalichomwa kupata chokaa. Anayesema "tuliyaokoa" ana sehemu ya ukweli. Lakini ukiokoa mtoto wa jirani motoni humfanyi wako, na kwa yaliyokuwa yakitangazwa wiki ile, neno "usalama" lilikuwa zito kulitamka ndani ya jengo lile. Baadaye ilisemwa vitu vilivyopotea, kuibwa au kuharibiwa ni kama 2,000.

Siku ya 9 na ya 10, Agosti 22 na 23: Welshpool

Treni hadi Birmingham, kisha nyingine ya mabehewa mawili inayopita Shrewsbury na kuingia Wales. Nilinunua tiketi wiki moja kabla, paundi 58 kwenda na kurudi. Ukinunua siku ya safari unaweza kulipa mara mbili. Kutoka stesheni hadi ngome ya Powis ni kama maili moja na kidogo, unapita mjini na ndani ya bustani yenye kulungu. Nilikosea njia, nikakanyaga matope hadi kwenye fundo la mguu.

Ngome ni ya mawe mekundu, tausi wanatembea uani. Robert Clive, aliyeshinda vita vya Plassey mwaka 1757 na kuifungulia Kampuni mlango wa Bengal, hakuishi hapa. Ni mwanawe Edward aliyemwoa binti wa nyumba hii. Na huyo Edward ndiye aliyekuwa gavana wa Madras mwaka aliouawa Tipu. Basi vikaja: kichwa kidogo cha simbamarara cha dhahabu na vito kilichong'olewa kwenye kile kiti kilichokatwa, panga, vitambaa, machela inayosemekana Nawabu (mtawala) wa Bengal, Siraj ud-Daulah, aliiacha akikimbia Plassey.

Na hema la Tipu. Hili ndilo lililonishika. Ni pamba nyeupe, ndani imechorwa vyungu vya maua, mashina ya kijani na petali nyekundu, kila chungu ndani ya tao lake, kana kwamba mtu aliyelala humo amelala bustanini. Nimekulia kwenye nyumba ya mshonaji, nikasogea kutazama pindo. Mshono ni mdogo kama punje za ufuta, umenyooka mita nyingi bila kuyumba. Waliolishona hawakuandikwa popote. Familia ya ngome ililitumia miaka mingi kwa karamu za bustanini.

Usiku nililala nyumba ya wageni, paundi 65 na kifungua kinywa. Mama mwenye nyumba, umri kama wa mama yangu, alivichukua viatu vyangu vyenye matope bila kusema kitu. Asubuhi nilivikuta mlangoni vimekauka na kupigwa rangi, ndani ameweka karatasi ya magazeti. Aliponiuliza nimefuata nini Powis nikamwambia. Akakaa kitako. Alisoma shule pale mjini, akasema, akapelekwa ngomeni kila mwaka, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaeleza vitu vile vilifikaje.

Siku ya 12, Ijumaa Agosti 25: Thetford na Elveden

Siku niliyoisubiri. Liverpool Street, Cambridge, kisha Thetford. Treni ikasimama porini karibu na Ely dakika 50, hitilafu ya ishara za reli. Beba maji na chakula, vituo vidogo havina duka.

Duleep Singh aliletwa Uingereza mwaka 1854, akiwa ameshabatizwa. Inasimuliwa kwamba mwaka huo, alipokuwa akichorwa picha katika jumba la Buckingham, Malkia Victoria aliamuru Koh-i-Noor iletwe, akamwekea mkononi. Kijana akaenda nayo dirishani, akaitazama muda mrefu bila neno, kisha akarudi na kumkabidhi malkia. Akakabidhi kwa mara ya pili. Baadaye akanunua shamba la Elveden, ambako hatimaye alizikwa. Mkewe, Bamba, alizaliwa Misri, baba Mjerumani na mama Muhabeshi, kwa hiyo katika kaburi lile la mashambani Uingereza kuna damu ya huku kwetu pia. Duleep alipochoka akataka kurudi India mwaka 1886, na Waingereza wakamzuia Adeni. Akafa Paris mwaka 1893.

Thetford kuna sanamu yake juu ya farasi, kwenye kisiwa kidogo mtoni. Nilikuwa pale nikimpigia dada simu kwamba teksi ya Elveden ni ghali na basi sijaliona, nikasikia nyuma yangu: "Mama, habari ya safari? Wewe wa wapi, Kenya?"

Mzee mwenye kilemba cha buluu, fimbo mkononi, mjukuu wake wa kiume pembeni. Nikakata simu. "Shikamoo mzee. Mimi wa Tanga."

"Marahaba, marahaba! Tanga nilikuja kucheza mpira wa magongo, sijaoa bado. Mimi Kalasinga wa Nakuru." Babu yake alikuja na reli ya Uganda, baba alizaliwa Nakuru, naye pia. Aliondoka Kenya Februari 1968, wiki chache kabla sheria mpya ya Uingereza haijawafungia mlango watu kama yeye. Sasa anaishi Leicester. "Panda gari, mama. Elveden tunakwenda wote. Mtu wa nyumbani hapandi teksi."

Njiani alinipa paratha iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha, na achari ya embe iliyonitoa machozi. Kanisa liko kando ya barabara, nyasi zimekatwa. Makaburi ni matatu kwa mstari: Duleep, Bamba, na mtoto wao Edward. Juu ya la Duleep palikuwa na maua yaliyonyauka na utepe wa rangi ya chungwa. Mzee alivua viatu, akasimama na soksi kwenye majani yenye unyevu, akaomba kwa sauti ya chini. Kisha akatoa leso, akailowesha kwa maji kutoka kwenye chupa, akafuta kinyesi cha ndege kwenye herufi, moja moja.

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu Mei. Jiwe likirudi, lirudi wapi? India inalidai, Pakistani ililidai mwaka 1976, Afghanistan nayo, Iran nayo.

Hakujibu haraka. "Lahore leo ni Pakistani. Hekalu letu la dhahabu liko Amritsar, India. Kijiji cha babu yangu mwaka 1947 kilibaki upande wa pili wa mpaka, sijakiona. Mimi nimezaliwa Nakuru. Nikwambie lirudi wapi, mama? Hiyo ni kazi ya kukaa kikao, hata miaka kumi tukae. Lakini kwanza waandike: tulimnyang'anya mtoto. Neno hilo moja. Wakishaliandika, kikao kianze."

Nikamsomea sentensi ya mkataba kwenye daftari langu, kwa Kiswahili. Alinyoosha kidole kwenye neno "litakabidhiwa," akalirudia. Mjukuu wake, ambaye hajui Kiswahili, akauliza limesema nini. Babu akamfafanulia kwa Kipunjabi, kwa muda mrefu, na kijana akawa anatazama kaburi huku babu akiongea.

Walinirudisha stesheni. Kwenye treni, simu ya abiria wa mbele yangu ilionyesha habari: mkurugenzi wa Makumbusho ya Uingereza amejiuzulu. Treni ilichelewa tena, dakika 25. Nilimaliza paratha ya pili nikiwa Ely, na daftarini, pembeni ya kifungu cha tatu, kuna doa la achari mpaka leo.